Kiingereza cha karatasi ya tatu: anza na makosa yako mwenyewe

Wanaokuja kwangu mtaani Umoja, Nairobi, jioni, watoto wa Kidato cha Nne na watu wazima wanaorudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya ambao karatasi yake ya tatu ya Kiingereza ni ya insha, huniomba kwanza orodha ya misamiati mizito. Sina. Niletee insha yako ya juzi iliyosahihishwa, hata kama imejaa wino mwekundu.

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nakili sentensi uliyokosea vile vile ulivyoiandika, wa pili iandike sawa. Sheria za sarufi ziache kitabuni. Baada ya insha nne tano utagundua makosa yako si mia. Ni matatu manne yanayojirudia. Kwetu sisi tuliokulia Kiswahili, ninayokutana nayo sana ni "he" na "she" kuchanganywa, "a" na "the" kusahaulika, na vibandiko, maneno ya ziada yasiyohitajika, kama "discuss about" na "cope up with", ambavyo hata redioni vinasikika kila siku.

Tazama sentensi hii ya mwanafunzi mmoja: "Me I can say that the chief he was a greedy person because of the way he was taking land of the widow." Tulifuta "Me I can say that", insha ni yako, nani mwingine anasema? Tukafuta "he" ya kwanza, chifu ameshatajwa. Kisha nyakati: matukio ya kitabu cha fasihi husimuliwa kwa wakati uliopo. Ikabaki: "The chief is greedy. He takes the widow's land." Nafasi iliyookolewa ijazwe ushahidi: chifu alilichukua shamba kwa hila gani, na mjane alifanya nini.

Karatasi ya tatu ya KCSE ina insha tatu za alama 20 kila moja, kwa saa mbili na nusu. Katika insha za fasihi, lugha kwa kawaida hupewa alama 4, ndiyo maana wengi huipuuza. Lakini hoja isiyoeleweka haipati alama zake 3 hata ukiwa umekisoma kitabu mara kumi. Na kwenye insha ya kubuni, lugha ndiyo mtihani wenyewe.

Basi dakika 50 za kila insha zigawe hivi: tano kupanga hoja, arobaini kuandika, tano kusoma. Usipitishe macho tu. Tafuta kosa moja, lile linaloongoza daftarini mwako. Kama ni "he" na "she", gusa kila kiwakilishi kwa ncha ya kalamu ujiulize ni nani huyo. Anzia aya ya mwisho, maana hapo mkono ulikuwa umeshachoka na unaandika mbio.

Jumamosi beba gazeti la Kiingereza. Nyumbani kukiwa na kelele, nenda maktaba ya Kaloleni au Makadara. Soma aya moja ya safu ya maoni, lifunike, iandike kwa kumbukumbu, kisha linganisha. Makala moja kwa wiki yatosha.

Vile vijitabu vya insha za mfano vinavyouzwa kandokando ya barabara, sivipendi. Ndege wakilia na jua likichomoza kwenye mstari wako wa kwanza, mtahini ameshajua umekariri. Ukitaka cha kukariri, kariri tahajia ya majina ya wahusika.