Pikipiki inayochemsha na kuunguza balbu: ninavyoikagua

Wiki hii nilikaa na dereva mmoja wa kijiweni kwetu Sinza. Kila akiweka balbu mpya ya taa kubwa, inaungua. Muuza spea wa Kariakoo alishamzoea. Tena injini yake inachemsha akikwama kwenye foleni ya Ubungo. Maelezo haya ni ya pikipiki tulizozoea Dar, Boxer, TVS na wenzao, ambazo injini inapozwa kwa upepo tu.

Hatua ya 1: Oili

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, iwashe dakika chache, zima, subiri oili ishuke, ndipo usome kwenye kioo au kijiti. Nunua oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya pikipiki. Usiniambie ya gari ni ileile: klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, hivyo klachi inaanza kuteleza.

Hatua ya 2: Mapezi ya silinda

Yale mabati yaliyopangana kwenye silinda ndiyo yanayotoa joto nje. Ukipita Jangwani kipindi cha masika, tope linaganda katikati yake na upepo haupiti tena. Likwangue kwa kijiti cha mbao na brashi, injini ikiwa baridi. Mashine ya kuoshea magari siipendi kabisa: inasukuma maji kwenye soketi za umeme na beringi za magurudumu. Ondoa pia bango au plastiki uliyofunga mbele ya injini. Na foleni ikiwa ndefu, zima. Ukiwa umesimama hakuna upepo.

Ukishafanya hayo na bado inachemsha, fungua plagi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, huenda mafuta ni kidogo mno kwa hewa inayoingia, kwa hiyo kagua mpira unaounga kabureta na injini kama una ufa. Tapeti (nafasi ya valvu) mpelekee fundi mwenye fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, si anayepima kwa sikio.

(Kama yako si ya upepo tu bali ina rejeta, angalia kulanti, yaani maji ya kupozea, kwenye kichupa chake, na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado ya moto.)

Hatua ya 3: Taa

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa sababu wanaanza na balbu. Anza na mita ya kupimia umeme. Mita ya kidijitali ya bei ndogo inatosha. Ile taa ya majaribio ya mafundi inakuambia umeme upo, haikuambii ni kiasi gani, na sisi shida yetu ni kiasi.

Pima betri injini ikiwa imezimwa. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Washa injini, vuta mafuta kiasi, pima tena. Ukiona kati ya 13.5 na 14.8, chaji iko sawa. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, ndiyo mshukiwa wa kwanza: inashindwa kuzuia umeme, unapanda na kuunguza balbu, na betri inakaushwa. Huyu wa Sinza mita ilipita 16. Isipopanda kabisa, usikimbilie kununua rektifaya. Chomoa soketi yake kwanza uone kama pini zimeungua au zina kutu.

Sasa angalizo. Kwenye baadhi ya pikipiki taa kubwa haipiti kwenye betri, inalishwa moja kwa moja na koili ya injini. Dalili yake ni taa kufifia ukiachia mafuta na kung'aa ukivuta. Hapo betri inaweza kusoma vizuri na balbu bado zikaungua. Pima kwenye holda ya balbu yenyewe, mita ukiigeuzia upande wa AC (mkondo geu). Usiamue kwa kuwasha ufunguo tu, maana zipo zinazosubiri injini iwake ndipo taa iwake, hata kama zinatumia betri.

Kama taa ni ya betri na inafifia wakati chaji iko sawa, kagua waya wa hasi. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa holda. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti inayoshika waya huo kwenye fremu, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Wanaolala Kigamboni karibu na bahari warudie mara kwa mara, chumvi haina huruma.

Zungusha usukani kulia na kushoto taa ikiwaka. Ikikatakata, nyaya zimechoka shingoni. Ziunge kwa kuchomea risasi, si kwa kusokota na tepu.

Balbu iwe ya wati zilezile zilizoandikwa. 35/35 usiigeuze 100, utayeyusha holda. Ya halojeni usiiguse kioo kwa vidole.

Hatua ya 4: Mengineyo

Cheni, upepo wa matairi, breki: unajua. Ila taa ya breki ijaribu kwa mkono na kwa mguu, kwa kawaida kila moja ina swichi yake. Halafu simama mbele ya ukuta usiku, ukiwa umempakia abiria, ushushe mwanga mpaka usipige macho ya anayekuja.