Umenunua boti mtumba? Fanya hivi kabla hujaivuta na kila ikitoka baharini

Hii ni kwa nyie mliochukua boti ya faiba na mashine iliyotumika, tuseme Yamaha Enduro 40 za mchanganyiko (petroli unaichanganya na oili) ambazo zimejaa pwani yetu, na sasa unataka kuivuta kwa tela kutoka Dar mpaka Tanga. Mimi ni fundi mashine, nyingi ninazofungua hazijafa kwa uzee jamani, zimekufa kwa kunyimwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na girisi.

Hatua ya 1: tela kwanza
Watu wanakagua mashine mpaka plagi, tela hata hawaliangalii. Piga jeki gurudumu moja moja, lizungushe kwa mkono usikilize, likikwaruza au likicheza ukilitikisa juu na chini beringi zimekwisha. Badilisha pamoja na sili yake ya nyuma, maana sili iliyochoka ndio inaingiza chumvi, na beringi mpya utaiua ndani ya msimu mmoja. Girisi iwe ile ya baharini isiyotoka kwa maji. Tairi nazo usidanganyike na kashata (meno ya tairi), tela la boti linakaa juani miezi bila kutembea, kashata zinabaki nzuri huku ubavu umeshapasuka. Soma zile namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, 2317 maana yake ni wiki ya 23 mwaka 2017.

Hatua ya 2: kufunga na kuvuta
Ulimi wa tela ulalie gari kwa kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote wa tela na boti. Ukiwa mwepesi mno tela linaanza kuyumba ukikimbia, na likiyumba usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta taratibu na ushike usukani sawa mpaka litulie. Mashine tayari iko nyuma, sasa usiongeze na petroli huko huko, lita 100 ni kama kilo 75, safiri na tenki tupu ujaze ukifika. Mkanda mmoja omoni (mbele ya boti), miwili tezi (nyuma), na minyororo ya usalama ipishane chini ya ulimi.

Mashine ikiwa imenyanyuliwa iwekee nguzo ya kuibeba kutoka kwenye tela, usiiache ikae kwenye kile kichuma chake kidogo, maana kila tuta uzito wote unapiga ubao wa tezi, na barabara ile matuta unayajua mwenyewe. Ukifika Kibaha simama, kaza nati za magurudumu, weka kiganja kwenye habu (kitovu cha gurudumu, zinamokaa beringi). Uvuguvugu sio tatizo, ila ikiwa huwezi kushika usiendelee hata kama umechelewa. Rudia Chalinze, rudia Segera.

Hatua ya 3: kushusha
Panga na maji. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) kwetu maji yanajaa mida ya saa kumi na kupwa mida ya saa nne, ukikosea utajikuta unashusha boti kwenye matope. Na ukifika usitumbukize tela moja kwa moja! Habu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji ya chumvi kupita kwenye sili, girisi yote kwisha habari. Kunywa chai kwanza zipoe. Chomoa waya wa taa, kaza kizibo cha boti, ndio urudi nyuma.

Hatua ya 4: ikitoka majini, kila safari
Hapa ndio pa kuwa mkali, hata kama umechoka. Toa propela, tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji baridi, maji yafunike vizuri matundu ya kunyonyea, washa ikiwa niutro, iache silensa (ingurume taratibu bila kuiongeza mafuta) kama dakika 10. Angalia mashine inakojoa vizuri, yaani maji ya kupoza yanarushwa nje kwenye kitundu chake, mkojo ukiwa dhaifu hata baada ya kuzibua kitundu kwa waya mwembamba basi fungua uone impela ya pampu ya maji. Ni ya mpira ile, usiwashe kavu hata kwa kujaribu tu.

Propela ikiwa nje angalia shafti, mshipi wa kuvulia unajizungusha pale na kukata sili, maji yanaingia kwenye gia. Utajua ukifungua skrubu ya chini ya gia, oili ikitoka nyeupe kama maziwa maji yameingia. Badilisha oili ya gia kila masaa 100 au miezi 6, jaza kutokea tundu la chini mpaka itoke la juu, funga la juu kwanza halafu la chini, na skrubu ziwekee washa mpya.

Petroli changanya 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25, na oili iwe ya boti iliyoandikwa TC-W3, sio ya pikipiki. Kuzidisha "ili iwe salama" kunachafua plagi tu. Zinki (kile kipande kinachowekwa kiliwe na chumvi badala ya mashine) ikiliwa nusu badilisha, na usiipake rangi kamwe, ikipakwa haifanyi kazi na chumvi inahamia kula mguu wa mashine.

Kabla ya kuanza kubeba watu peleka TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ikakaguliwe, nunua maboya ya kutosha kila kichwa, na ile kamba ya kuzimia mashine ivae mkononi kila ukishika usukani, mashine 40 ikikutupa majini boti inaweza kuzunguka na kukurudia.