Somo: Ngozi ya mbuzi wa Idi, kutoka kuchunwa mpaka tari au msala

Kila ukikaribia Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, naulizwa suali lile lile, na Idi ikishapita naulizwa tena, safari hii likiwa na harufu: "Fundi, ngozi yangu inatoa manyoya kwa mafungu, nifanyeje?" Hufanyi kitu. Ifukie chini ya mgomba. Nayaandika haya mara moja ili mwakani nikiulizwa nikuelekezeni hapa.

1. Amua kabla kisu hakijashuka: unataka tari, ile ngoma ya duara ya mkononi (au ngoma nyengine), au unataka msala wa kusalia wenye manyoya yake? Njia zinaachana mapema kuliko watu wanavyodhani, na ukishakosea hapo hakuna pa kurudia.

2. Kuchuna. Kisu ni cha kupasua ile mistari ya tumboni na miguuni tu. Baada ya hapo weka kisu, tia ngumi kati ya ngozi na nyama, sukuma. Wachinjaji wengine hutoboa kitundu juu ya kwato la nyuma wakapuliza, ngozi ikajitenga yenyewe. Mchinjaji mwenye haraka ya kwenda nyumba ya pili atakwambia kisu ni chepesi zaidi. Ni chepesi kwake. Mkato usioonekana kwenye ngozi mbichi, ukija kuiwamba unakuwa tundu la kupitisha kidole.

3. Osha damu kwa maji baridi.

4. Parua upande wa nyama. Ilaze juu ya kipande cha bomba la plastiki, tumia kisu butu, ondoa mafuta na utando wote. Palipobaki mafuta, chumvi haipiti.

5. Saa za mwanzo. Hapa ndipo zilipopotea ngozi zangu za mwanzo, na ndipo zinapopotea zenu. Ngozi iliyotoka kwa mnyama ina joto, ina maji, na hewa yetu ina joto na maji vilevile. Vijidudu havingoji mmalize pilau. Ukiikunja ukaiweka pembeni mpaka jioni, mizizi ya manyoya imeshaoza, ingawa kwa macho utaiona nzima. Kwa hivyo siku ya Idi mpe mtu mmoja kazi ya ngozi tu, na asiitwe kukata nyama.

Kwa msala: chumvi ya mawe iliyopondwa, isiyopungua nusu ya uzito wa ngozi. Ngozi ya kilo 2, chumvi kilo 1 au zaidi. Sugua upande wa nyama mpaka kwenye kingo, masikioni na miguuni, halafu ilaze mahali penye mteremko maji yatoke. Kesho yake kung'uta chumvi ile iliyorowa, tia mpya.

Kwa tari: USITIE CHUMVI. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Utawamba tari ikalia vizuri mchana, usiku ukishuka umande inakuwa kama kitambaa. Ngozi ya tari isugue majivu makavu, uiwambe hapohapo ikauke.

Na zote mbili: kivulini, penye upepo. Usiitupe juu ya bati. Jua la utosi linaupika upande wa juu ukawa mgumu kama ubao, wakati ndani bado mbichi. Maji yamefungiwa, nayo inaozea ndani kwa ndani. Utakuja kuijua siku ukiirowesha, itakapokuvunjikia mkononi.

6. Kuwamba. Fremu ya miti minne, toboa kingoni, pitisha kamba, vuta pande zinazotazamana kwa zamu.

7. Msala: ikishakauka, irowanishe kidogo upande wa nyama, paka uji wa shabu (alum) na chumvi, shabu mbili kwa chumvi moja. Ikaribiapo kukauka, ivutevute juu ya ukingo wa benchi mpaka ilainike. Ukiiwacha ikauke peke yake unapata sinia. Tari: iroweshe, nyoa manyoya kwa wembe, iwambe kwenye duara la mti ingali majimaji.

MASUALI

Kijana wa Konde: Fundi, mie nilitia chumvi ya mezani pakti moja na ngozi imenuka. Tatizo nini?
— Uliisoma hatua ya 5? Pakti moja ni ya mchuzi.

Kijana wa Konde: Niliisoma ila sikuwa na chumvi nyengine.
— Basi tatizo umelijua. Pemba kuna mashamba ya chumvi mwanangu, nunua kabla ya Idi.

Mama Salma: Assalamu alaykum. Ngozi ya udhhiya, mnyama wa ibada ya Idi, tukishaitengeneza tunaweza kuiuza?
— Wa alaykumu salaam mama. Katika madhehebu yetu ya Shafii haiuzwi, wala hapewi mchinjaji kuwa ndio ujira wake. Yeye mlipe fedha yake mbali. Itumie mwenyewe au itoe sadaka. Mbuzi wa kitoweo cha kawaida ni mali yako, uza utakavyo. Ukiwa na shaka muulize sheikh wa msikiti wako, mie ni fundi tu.

Mtegaji: Huku kwetu kusini natega vitanzi. Ngozi ya paa nunga hatua ni hizihizi?
— Hapana. Paa nunga, yule paa mdogo wa msituni, analindwa kwa sheria, na nje ya Unguja amebakia sehemu chache za pwani ya Kenya. Kitanzi hakichagui. Hapo sina msaada.

Bint Makunduchi: Babu alikuwa na mkoba wa ngozi mwekundu, unarowa mvua na hauozi. Walisema ni magome ya mkoko. Yanafanya kazi vipi?
— Suali zuri dada. Gome la mkoko lina tanini nyingi; inashikana na nyuzi za ngozi na vijidudu havina tena cha kula. Shabu huoshwa na maji ikatoka, tanini haitoki, ndio maana mkoba ule ulivumilia mvua. Zamani magome ya mwambao huu yalipakiwa kupelekwa nje kwa kazi hiyo. Siri yake ni kuanza na maji mepesi, ukiongeza ukali kila baada ya siku chache. Ukianza na makali, juu panajifunga na katikati panabaki pabichi. Kata ukingo uangalie: ukiona mstari mweupe katikati, bado. Tumia ndoo ya plastiki, chuma kitaitia weusi. Lakini usibandue mkoko uliosimama, ukiuzungushia kisu unakufa, na ile mikoko inalindwa. Chukua gome la mvinje kwa wakata nguzo, nalo lina tanini.

Bint Makunduchi: Na ngozi kwanza inatolewa manyoya?
— Ndio. Iroweshe siku kadhaa kwenye maji ya chokaa yetu ya mawe, manyoya yatatoka kwa kusukuma. Vaa glavu, chokaa inachoma. Halafu isuuze sana kabla ya magome. Ukianza niandikie, nitakufuata hatua kwa hatua.

Mpiga tari: Tari yetu hulegea katikati ya maulidi, tunaichomea kwa gazeti.
— Gazeti linawaka kwa pupa, litaipasua. Moto wa makumbi, tari iwe mbali, uizungushe.

Mzee wa Wete: Mie ngozi kavu naihifadhi na majani ya mwarobaini, wadudu hawaisogelei.
— Ahsante ami. Mie huongeza kuitundika darini badala ya kuikunja, maana kwenye kunjo ndipo wanapotaga. Na ile ya chumvi usiiweke karibu na cherehani. Nimeona sindano zimeshika kutu.