Kuziba mianya ya usalama kwenye ntpd na chrony

Ukisasisha ntpd (programu ya Linux inayolinganisha saa ya mashine na seva za mtandaoni) ukaliacha faili lake la mipangilio, `/etc/ntp.conf`, kama lilivyokuwa, umefanya nusu ya kazi. Sasisho kwa kawaida haliligusi faili ulilolihariri, hivyo toleo jipya linaamka na ruhusa zilezile za zamani.

Anza na toleo linaloendeshwa sasa hivi, si lile lililo kwenye diski:

`ntpq -c "rv 0 version"`

Kama huduma haijawashwa upya baada ya sasisho, utaona bado namba ya zamani. Lililo chini ya 4.2.8 litilie shaka: toleo hilo la Desemba 2014 ndilo lililoziba CVE-2014-9295 (CVE ni namba rasmi ya mwanya wa usalama), mwanya uliomwezesha mtu wa mbali kuendesha msimbo wake kwenye seva kwa kutuma pakiti tu. 4.2.8 nayo imepata viraka vingi baadaye, vinavyotambulika kwa p na namba mwishoni. Ila namba peke yake hudanganya, maana Red Hat na Debian hupachika viraka bila kubadili toleo kuu. Soma historia ya kifurushi, kwa mfano kwenye Red Hat:

`rpm -q --changelog ntp | grep CVE`

Kisha mipangilio:

```
restrict -4 default kod limited nomodify notrap nopeer noquery
restrict -6 default kod limited nomodify notrap nopeer noquery
restrict source nomodify notrap noquery
restrict 127.0.0.1
restrict ::1
```

Neno la maana kuliko yote hapo ni `noquery`. Wengi huliogopa wakidhani litawanyima wateja saa. Sivyo, linazuia maswali ya usimamizi tu. Mojawapo ni `monlist` (CVE-2013-5211), iliyorudisha hadi anwani 600 zilizowasiliana na seva. Swali ni pakiti moja, jibu ni rundo. UDP, njia inayobeba pakiti hizo, haimthibitishi mtumaji, kwa hiyo mshambuliaji huandika anwani ya mhanga wake, na seva yako ndiyo inayomfurikia.

Makosa mawili hujirudia. Mstari wa `-6` husahaulika, mlango ukabaki wazi upande wa IPv6. Halafu `nopeer` huzuia seva zinazoletwa na mstari wa `pool`, unaotaja kundi la seva kwa jina moja. Bila `restrict source`, `ntpq -p` haitaonyesha seva hata moja ya kweli. Na ukiwa na `limited`, usitegemee `disable monitor` (amri ya kuzima orodha ya waliowasiliana na seva): haitafanya kazi.

Pima ukiwa kwenye mashine nyingine, kwani 127.0.0.1 imeruhusiwa:

`ntpq -c rv ANWANI_YA_SEVA`

Ikikaa kimya hadi muda uishe, sawa.

Kama mashine inapokea saa tu bila kuigawa, hamia chrony, programu nyingine ya kulinganisha saa. Bila mstari wa `allow` kwenye mipangilio yake haihudumii wateja kabisa. Kuanzia toleo 4.0 ina NTS (Network Time Security), inayothibitisha kwamba saa imetoka kwa seva uliyoichagua. Ongeza `nts` mwishoni mwa mstari wa `server`, na ufungue TCP 4460 ya kutoka kwenye ukuta wa moto. Hakiki kwa `chronyc -N authdata`: KLen (urefu wa ufunguo) ikiwa 0, makubaliano ya funguo hayajafanikiwa. Poti ikiwa wazi na bado ni 0, angalia tarehe ya mashine. Saa iliyopotea miaka huifanya chrony ikatae cheti cha TLS (kitambulisho cha seva chenye tarehe za uhalali), na bila cheti haiwezi kurekebisha saa. Weka tarehe kwa mkono, kisha uwashe huduma upya.