Eringiamu ya kukata: kutoka mbegu hadi ndoo ya mavuno

Wakulima wa maua ya nyanda za juu huiita eringiamu, kwa jina lake la kitaalamu Eryngium. Ni ua la buluu lenye kichwa kigumu mfano wa koni ndogo, na chini ya kichwa kuna ukosi wa miiba. Anayeliona mara ya kwanza hudhani ni ndugu wa mbaruti. La hasha: ukoo wake ni karoti na dania, na jambo hilo litarudi mara mbili tatu katika mwongozo huu kwa sababu ndilo linaloeleza mzizi wake, magonjwa yake na shamba linaloifaa.

Ni mmea wa kudumu. Ukiupanda vizuri utauvuna miaka mitatu hadi mitano kabla ya kung'oa. Wengi wanaoshindwa nao hawashindwi kwa kuutelekeza, bali kwa kuulea kama waridi: maji kila siku, mbolea kila wiki. Eringiamu haitaki hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha una baridi ya usiku na mnunuzi

Spishi inayolimwa sana kwa kukata ni Eryngium planum. Inahitaji kipindi cha baridi ndipo itoe mashina ya maua, na buluu yake hukolea pale ambapo mchana kuna jua kali na usiku ni baridi. Maeneo ya mita 2,000 kwenda juu, kama Kinangop, Molo na Timau, yanafaa. Kwa Tanzania, nyanda za Njombe zina baridi ya namna hiyo. Ukipanda mahali pa joto la pwani utapata majani mengi ya kijani mwaka mzima na hutaona shina, na hakuna mbolea itakayorekebisha hilo.

Kabla ya kununua mche hata mmoja, zungumza na mnunuzi. Muulize anataka aina gani, urefu gani wa shina, na mashina mangapi kwa shada. Hili si ua la kuuza kando ya barabara siku bei ikianguka. Kwa mauzo ya nje ya nchi lazima pia upate cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya serikali inayokagua mimea: KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania. Mzigo wenye mdudu wa karantini (asiyeruhusiwa kuingia nchi ya mnunuzi) hukataliwa wote, si shada moja tu.

Hatua ya 2: Pima jinsi udongo unavyopitisha maji

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Eringiamu ina mzizi mkuu mnene unaoshuka chini kama karoti. Mzizi huo huhimili kiangazi, lakini ukikaa kwenye maji huoza kuanzia ncha, na wewe juu huoni kitu mpaka siku mmea unaponyauka adhuhuri.

Chimba shimo la kina cha sentimita 40 na upana wa 30. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Ujazo wa pili ndio kipimo. Ukikauka ndani ya saa 4, endelea. Ukibaki maji baada ya hapo, inua matuta kwa sentimita 30 au hamia sehemu yenye mteremko. Kama maji yamebaki mpaka kesho yake, achana na sehemu hiyo kabisa. Tuta la juu halitasaidia mzizi utakaofika chini ya tuta.

Mambo mengine ya udongo ni mepesi. Asidi iwe kati ya pH 6 na 7; weka chokaa tu baada ya kipimo cha maabara. Tifua hadi sentimita 45 au zaidi ili kuvunja tabaka gumu lililoachwa na trekta. Mzizi ukigonga tabaka hilo hujikunja na mmea hudumaa. Weka samadi iliyooza kabisa, debe moja la lita 20 kwa mita mraba 4, basi. Samadi mbichi huleta ukungu na minyoo ya udongo.

Usipande mahali palipokuwa na karoti, dania au seleri katika miaka mitatu iliyopita. Magonjwa ya mizizi ya ukoo huo yatakuwa yanakusubiri. Peleka pia sampuli ya udongo ikapimwe minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongo inayotia mizizi vinundu.

Hatua ya 3: Pata miche

Njia ziko tatu.

*Miche ya kununua.* Aina nyingi mpya zinalindwa na haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Huruhusiwi kuzizalisha mwenyewe bila leseni, hata kwa kipande cha mzizi kutoka shambani kwako. Unazipata kwa wazalishaji wa miche walioidhinishwa. Ni ghali, lakini mimea hufanana yote, na mavuno huja kwa pamoja.

*Mbegu.* Aina kama 'Blaukappe' huoteshwa kwa mbegu. Mbegu mpya huota vizuri zaidi kuliko iliyokaa. Mbegu kavu ya dukani mara nyingi imelala, na kinachoiamsha ni baridi yenye unyevu:

1. Changanya mbegu na mchanga safi ulioloweshwa kidogo. Ukiukamua mkononi usitoe tone.
2. Weka kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe, kisha weka kwenye friji (si friza) kwenye nyuzi 2 hadi 5 kwa wiki 4 hadi 6.
3. Kagua kila wiki. Ukiona mbegu zimeanza kupasuka, toa zote uzipande siku hiyo.
4. Panda kwenye trei zenye vishimo virefu. Funika kwa tabaka jembamba tu la mchanga.
5. Tunza kwenye nyuzi 18 hadi 22. Uotaji haulingani: baadhi huchomoza ndani ya wiki mbili, nyingine huchelewa sana. Usimwage trei mapema.

Hamisha mche ukiwa na majani halisi 3 au 4. Ukiuacha mpaka mzizi uzunguke ndani ya kishimo, utabaki na mzunguko huo maisha yake yote. Mche wa eringiamu uliozeeka kwenye trei ni hasara hata ukipewa bure.

*Vipande vya mizizi.* Hii ni kwa aina zisizolindwa, na mimea itokayo hufanana na mama. Chimbua mmea wenye afya wa miaka miwili, uchague mizizi yenye unene wa penseli, na usichukue zaidi ya theluthi moja ya mizizi yake. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 7. Ncha ya juu, ile iliyokuwa karibu na shina, ikate bapa. Ya chini ikate mshazari. Alama hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu vipande vikishalala mezani huwezi kujua juu ni wapi, na kipande kilichopandwa kichwa chini hupotea. Vichomeke wima kwenye vyungu vidogo vyenye mchanganyiko wa mchanga wa chembe kubwa na mboji nusu kwa nusu, ncha bapa ikilingana na uso, kisha nyunyiza sentimita 1 ya mchanga huohuo juu. Mwagilia kwa uchache.

Majani hutokea kabla ya mizizi mipya. Wengi hufurahi hapo na kuhamisha, na kipande hufa. Geuza chungu kwanza uangalie chini. Subiri mizizi myeupe ionekane.

Hatua ya 4: Kupanda

Tuta liwe la upana wa mita 1, njia ya sentimita 50. Panda mistari miwili yenye umbali wa sentimita 40, na sentimita 40 kati ya mche na mche. Tuta la mita 10 litabeba miche 50. Ukibananisha zaidi utapata mashina membamba na ukungu katikati.

Panda jioni. Shimo liwe refu kuliko mzizi ili ushuke wima, na shingo ya mmea ilingane na uso wa udongo. Shingo iliyofukiwa huoza. Kama una umwagiliaji, panda mwishoni mwa mvua za masika badala ya mwanzoni.

Majani ya chini ya mmea mchanga ni ya mviringo na hayana miiba, hivyo wapalizi wapya huyang'oa wakidhani ni magugu. Waonyeshe mche kabla hawajashika jembe. Palizi yenyewe ifanywe kwa mkono karibu na shingo.

Hatua ya 5: Maji na mbolea

Wiki tatu za kwanza, mwagilia kila baada ya siku mbili. Baada ya hapo, mara moja au mbili kwa wiki kwa wingi, ukiacha sentimita 5 za juu zikauke kabla ya kurudia. Tumia dripu. Maji ya kunyunyizia juu hukaa kwenye ukosi wa miiba na kuleta ukungu wa kijivu. Buluu ikianza kuingia, punguza.

Wiki ya 6 weka CAN (mbolea ya naitrojeni) gramu 10 kwa mita mraba, mara moja. Mashina yakianza kuchomoza, weka salfeti ya potasi gramu 15 kwa mita mraba. Usiendelee na naitrojeni. Shina lililoshiba naitrojeni hurefuka likiwa laini, hulala kwenye upepo, na kichwa hubaki na rangi ya kijani-kijivu ambayo hakuna mnunuzi anayeitaka. Ukiona majani yamekolea kijani na kunenepa kama sukuma wiki, umeshazidisha.

Mashina machache dhaifu ya msimu wa kwanza yakate mapema. Inauma kukata ua la kwanza, lakini mmea huhamishia nguvu kwenye mzizi, na msimu wa pili ndio wa mavuno ya kweli.

Hatua ya 6: Wavu

Tandaza wavu wa matundu ya sentimita 15 hadi 20 kabla mashina hayajafika sentimita 30, kisha uuinue kadiri yanavyokua. Ukichelewa, miiba itanasa na utavunja mashina ukijaribu kuyapitisha. Nguzo ziwe imara kila mita 3. Shina lililolala kwa siku moja tu hupinda ncha kuelekea juu, na pindo hilo haliondoki.

Hatua ya 7: Wadudu na magonjwa

Kagua mara mbili kwa wiki, hasa upande wa chini wa majani.

Thripsi, wadudu wadogo sana wembamba, hujificha ndani ya ukosi. Gonga kichwa juu ya karatasi nyeupe uwahesabu. Inzi weupe na wadudu wachimba majani ndio wanaotazamwa sana na wakaguzi, kwa hiyo hata wachache ni tatizo. Vidukari huja kwenye mashina machanga. Utitiri mwekundu huzidi wakati wa kiangazi chenye vumbi. Tumia viuatilifu vilivyosajiliwa kwa maua pekee, na ubadilishe kundi la kiambato (kemikali inayoua wadudu).

Mmea ukinyauka mchana na kuamka usiku, chimbua mmoja. Mzizi mweusi, laini, wenye harufu ni uozo: ng'oa, uchome, punguza maji tuta lote. Mzizi wenye vinundu ni minyoo fundo. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, na dawa yake ya kwanza ni nafasi na hewa.

Hatua ya 8: Kuvuna

Eringiamu haiendelei kupata rangi baada ya kukatwa. Kichwa kilichokatwa kijani kitafika sokoni kijani. Subiri kichwa cha katikati, ukosi wake na sehemu ya juu ya shina viwe buluu kamili, na vichwa vingi vya pembeni viwe vimeshika rangi. Usingoje kila kichwa kidogo kifikie, kwani cha katikati kitaanza kuwa kahawia. Zaidi ya hapo, vijiua vya Eryngium planum vikifunguka vyote hutoa harufu isiyopendeza inayovuta inzi, na mteja wa ndani ya nyumba atalalamika.

Kata asubuhi umande ukishakauka. Vaa glavu nene na utumie mkasi wa kupogolea uliosafishwa. Kata karibu na chini bila kugusa duara la majani, kisha tia shina majini papo hapo, kwenye ndoo iliyooshwa kwa klorini.

Pukuchua majani ya theluthi mbili za chini. Majani huwa ya manjano kabla ya kichwa kuchoka, na shada zuri huonekana la zamani kwa sababu yao tu. Panga kwa urefu: sentimita 50, 60, 70, 80. Wanunuzi wengi hutaka mashina 10 kwa shada. Vika kila shada mfuko wake, la sivyo miiba hunasana na kuvunja vichwa wakati wa kufungua boksi. Acha yanywe maji saa 4, kisha chumba baridi kwenye nyuzi 2 hadi 4. Usifunge boksi vichwa vikiwa na unyevu. Ukungu wa kijivu utakula mzigo njiani.

Yasiyofikia urefu yafunge machache-machache, yaning'inize kichwa chini mahali penye giza na hewa kwa wiki 2 hadi 3. Hukauka yakiwa na rangi na huuzwa hivyo.

Hatua ya 9: Baada ya mavuno

Ondoa mabaki yote ya mashina na majani yaliyokufa, uyatoe shambani. Acha tuta lipumzike kwa maji machache kwa wiki 3 au 4, kisha rudisha maji na samadi kiasi, ukiitandaza kati ya mistari mbali na shingo.

Usijaribu kuhamisha mmea mzima. Mzizi mkuu ukikatika mara nyingi haurudi. Pengo lililoachwa na mmea uliokufa lisipandwe mche mpya mahali palepale. Kuanzia mwaka wa tatu, hesabu mashina kwa kila tuta. Urefu ukishuka chini ya kiwango cha mnunuzi wako, andaa tuta jingine mahali pengine mapema, ili la zamani likiondoka jipya liwe tayari katika msimu wake wa pili.