Jinsi ya kutunga shairi la sifa litakaloimbika

Juzi nilikaa na kijana mmoja aliyetaka kumtungia shairi mkunga wa zahanati yao, mama anayestaafu. Maneno alikuwa nayo, tena ya moyoni, ila hayakuimbika. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kusanya matendo kabla ya sifa

"Mpole, mchapakazi, mwenye upendo" humfaa kila anayestaafu. Nenda kwa akina mama aliowazalisha, uliza alifanya nini, usiku gani, ameshika nini mkononi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliuza vyungu vya udongo kabla ya kuwa mwimbaji. Ukimsifu bila kutaja vyungu hivyo, umemsifu mwimbaji yeyote. Kijana alirudi na kisa cha mvua, giza na kandili. Ubeti mzima ukapatikana hapo.

Hatua ya 2: Chagua bahari, yaani aina ya shairi

Chukua tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane utao, nusu ya pili. Utenzi wa mizani nane kwa mshororo unabeba vizuri kisa kirefu au wosia, kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Kwenye hafla ya kuaga, watu wanataka kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, cha kuitikia. Kwa sababu hiyohiyo shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, silishauri kabisa.

Hatua ya 3: Hesabu mizani kwa sikio

Hapa ndipo saa zinapokwenda. Weka simu pembeni, chukua penseli na karatasi, soma kwa sauti huku ukigonga meza kila silabi. Macho yanadanganya, hasa kwenye m na n.

Mbuni yule ndege ni mizani mbili: mbu-ni. Mbuni ule mti wa kahawa ni tatu: m-bu-ni. Vivyo hivyo mvua ni mbili, mvuvi ni tatu. M ya mtendwa nayo inahesabiwa: a-li-m-fu-nza, tano. Nchi ni mbili, nyumba ni mbili. Irabu pacha kila moja ina mizani yake, kwa hiyo taa ni mbili. Maneno kama daktari na labda yana ubishi: wapo wanaoipa konsonanti ya katikati mizani yake, wapo wasioipa. Muulize atakayeimba, kwa kuwa pumzi ni yake, kisha ushike njia moja hadi mwisho.

Mshororo ukizidi, usikate neno ovyo, geuza sentensi. Kijana aliandika "mlangoni ukasimama", mizani tisa. Tukaweka "ukaja na kusimama", nane kamili:

Mvua kubwa ilishuka, taa za wodi kuzima,
Kandili ukaishika, ukaja na kusimama,
Kichanga kikasikika, ukampa wake mama,
Mkunga twakukumbuka, shukurani twazisema.

Angalia vina, yaani silabi zinazofanana: "ka" katikati ya mshororo, "ma" mwishoni. Vina vya "ni" navikwepa. Ni rahisi mno kuvipata, na urahisi huo unamvuta mtunzi kujaza "moyoni" na "duniani" pasipo haja. Kibwagizo kitunge mapema, hata kabla ya ubeti wa kwanza, maana ndicho kitakachobaki midomoni mwa watu. Ukibadilisha vina vya beti zinazofuata, hakikisha kibwagizo chenyewe hakiguswi.

Hatua ya 4: Punguza

Beti sita zinatosha.

Hatua ya 5: Mkabidhi mwimbaji

Mpe nakala iliyoandikwa kwa herufi kubwa, siku kadhaa kabla, na umsikilize akiimba ubeti mmoja mbele yako. Panapomkwama, rekebisha maneno, usimlazimishe kuharakisha. Mweleze pia anayesifiwa ataketi wapi, ili kibwagizo akielekeze kwake. Na mkubaliane kwamba baada ya kila ubeti ala ziendelee peke yazo kwa muda, watu wapate nafasi ya kuinuka na kwenda kumtunza mama kwa zawadi.