Kupima mwendo wa dunia kwa fimbo mbili, moja Ujiji na moja Dar

Nilipokuwa mdogo hapa Ujiji, mwezi wa Ramadhani redio ikitoa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kikombe cha uji. Bibi ananizuia: "Hiyo ya Dar, mjukuu wangu. Jua letu lile pale." Tunangoja karibu dakika arobaini. Dakika hizo ndizo zinazokupa kasi ya dunia kujizungusha, na vifaa vyote vimo kibandani kwangu ninaposhonea: uzi, chaki na mpini wa fagio.

Usipime machweo. Huku jua hujificha mapema nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, tena tofauti yetu na Dar hubadilika kidogo mwezi hadi mwezi. Pima jua la mchana.

Tafuta ndugu aliyeko Dar. Mimi nilipanga na mdogo wangu wa Temeke, Jumapili moja ya Julai, kiangazi, wingu hakuna. Lazima iwe siku moja kwenu nyote, na saa za simu zijiseti zenyewe kwa mtandao.

Simamisha mpini mahali palipo sawa. Ning'iniza nati kwenye uzi iwe timazi, uzungushe pande zote mpaka mpini usimame wima kabisa. Hapa usiwe na haraka, kwani mpini ukilala kidogo tu, kazi yote imeharibika. Asubuhi, weka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli na uandike saa. Funga uzi chini ya mpini, uvute hadi kwenye alama, chora duara. Kisha endelea na shughuli zako. Kivuli kitafupika, kitageuka, kitarefuka. Alasiri kaa pale pale uvizie ncha inapogusa duara tena. Andika saa.

Mimi nilipata saa 4:31 na saa 9:44. Katikati yake ni saa 7:07 na nusu: huo ndio mchana kamili wa Ujiji, maana saa sita jua letu bado halijafika juu. Mdogo wangu alipata saa 4:02 na saa 8:56, katikati saa 6:29. Tofauti: dakika 38 na nusu.

Sasa fungua ramani ya simu uangalie longitudo. Kati yetu ni kama digrii 9.6. Gawanya: kila digrii inachukua dakika 4. Zidisha kwa 360, unapata saa 24 na dakika chache za makosa yetu.

Huku kwetu digrii moja ya kwenda mashariki ni karibu kilomita 110.9. Zidisha kwa 9.6, ni kilomita 1,065 ndani ya dakika 38 na nusu, yaani kama kilomita 1,660 kwa saa. Nilikaa chini nilipoiona namba hiyo. Ukipima kwa nyota badala ya jua, mzunguko mmoja ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa sababu dunia inasogea pia kulizunguka jua. Kwa hiyo kasi halisi ya Ujiji ni karibu 1,668. Kwenye ikweta ni 1,674 hivi, na kwenye ncha za dunia ni sifuri.

Kama ndugu yako yuko Tabora badala ya Dar, tegemea tofauti ya dakika 12 na nusu tu. Hapo kosa la dakika moja linaonekana sana, kwa hiyo rudieni siku tatu au nne mchukue wastani.